Mbona Rubani Hana Barakoa?

Kuna swali lililoanza kuulizwa mwaka 2020, ugonjwa wa korona (UVIKO-19) ulipoingia nchini, na mpaka leo halijaisha midomoni mwa watu. Swali lenyewe ni hili: abiria wa ndege walitakiwa kuvaa barakoa tangu wanapoingia uwanjani hadi wanapotoka, na wahudumu waliopita na chai na maji nao walivaa safari nzima. Lakini picha za marubani wakiwa kazini zilionyesha wengi wao wakiwa na uso wazi. Je, wao korona haiwapati? Au barakoa ilikuwa ni ya kuwatisha wanyonge tu?

Swali hili si la kuchekwa. Wapo waliolichukua kuwa ushahidi kwamba barakoa haina kazi yo yote, wakaacha kuvaa hata walipokwenda kumwona mgonjwa anayekohoa. Tumeona tulijibu kwa utaratibu, maana jibu lake linamgusa hata mtu ambaye hajapanda ndege na pengine hatapanda: mama anayemuuguza mwenye kifua kikuu nyumbani, abiria wa kifodi cha Njiro siku ya mvua vioo vyote vikiwa vimefungwa, na mgonjwa wa Umasaini anayefuatwa na ndege ndogo.

UGONJWA ULIPOSHUKA NA NDEGE

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa na aliyekuwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa Mtanzania aliyefika siku moja kabla akitokea Ubelgiji. Alishukia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA), akapita ukaguzi wa uwanjani, akaja mjini Arusha. Alipojisikia vibaya alikwenda Hospitali ya Mount Meru, na huko ndiko ugonjwa ulikogunduliwa. Kwa hiyo sisi tunaokaa Themi na kata za jirani hatukuusikia ugonjwa huu redioni kama habari ya mbali. Ulianzia mlangoni kwetu, na ulishuka na ndege.

Tarehe 12 Aprili 2020 Serikali ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei mwaka huohuo. Ndege za mizigo hazikusimama. Marubani waliendelea kusafiri kati ya nchi na nchi wakati watu wengine wameambiwa wakae nyumbani.

Je, ni kweli kwamba ugonjwa wa hewa huambukizwa ndani ya ndege? Ni kweli, na ushahidi upo tangu kabla ya korona. Tarehe 15 Machi 2003, wakati wa ugonjwa wa SARS, ambao ni ndugu wa korona, ndege moja iliruka kutoka Hong Kong kwenda Beijing ikiwa na watu 120. Ndani alikuwamo mgonjwa mmoja. Baadaye watu 22 kati yao waliugua. Mwanzoni mwa Machi 2020 ndege nyingine ilitoka London kwenda Hanoi, Vietnam, kabla uvaaji wa barakoa haujawa sharti. Abiria mmoja aliyekuwa anakohoa alihusishwa na maambukizo ya watu wengine 15, na wengi wao walikaa pamoja naye sehemu ileile ya mbele, daraja la juu. Tiketi ya bei kali haikuwasaidia. Aliye karibu na mgonjwa kwa saa nyingi ndiye aliye hatarini kuliko wote.

Sasa mfikirie rubani. Katika ndege kubwa marubani wawili hukaa bega kwa bega, umbali ambao mmoja anaweza kumgusa mwenzake kwa mkono. Safari ya Amsterdam hadi KIA ni muda wa saa nane hivi. Kama kukaa karibu kwa muda mrefu ni hatari, basi wao wako katikati ya hatari. Mbona wakaruhusiwa kuvua?

BARAKOA MBILI ZISIZOKAA USO MMOJA

Neno barakoa ni la zamani. Huko mwambao lilikuwa jina la kifuniko cha uso walichovaa wanawake. Korona imelipa kazi nyingine, na sasa hata kile kifaa cha oksijeni ndani ya ndege tunakiita kwa jina hilohilo. Yafaa tuvitenganishe, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jibu.

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali huzuia matone ya mate na makohozi yasimfikie mwingine, na kwa kiasi fulani humkinga mvaaji. Barakoa ya oksijeni haizuii ugonjwa. Kazi yake ni kumpa mtu hewa ya kuvuta pale ambapo hewa haitoshi. Ndege kubwa huruka juu sana, mita 10,000 na zaidi, karibu mara mbili ya kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895. Aliyepanda Kilimanjaro, au hata Meru yetu yenye mita zaidi ya 4,500, anajua kichwa kinavyouma na pumzi inavyokatika. Abiria wa ndege hawasikii hayo kwa sababu mitambo hushindilia hewa ndani. Ikitokea hitilafu hewa ile ikatoka, mtu aliye kwenye mita 10,700 ana nusu dakika hadi dakika moja tu ya kuwa na akili timamu. Baada ya hapo hazimii mara moja. Anakuwa kama mlevi, anatabasamu, anaona mambo ni shwari, huku hawezi tena kufanya lolote la maana.

Tarehe 14 Agosti 2005 ndege ya shirika la Helios iliruka kutoka Saiprasi kwenda Athens. Hewa haikushindiliwa ndani kama ilivyopasa. Marubani walisikia kengele ya hatari, hawakuitambua ilikuwa ya nini, wakaendelea kupanda juu bila kuvaa oksijeni, mpaka wakapotewa na fahamu. Ndege ilijiendesha yenyewe hadi mafuta yakaisha, ikaanguka. Watu wote 121 walikufa.

Kwa sababu hiyo, barakoa ya oksijeni ya rubani hutengenezwa ili aweze kuivaa kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5. Hiyo ni kanuni. Inatakiwa ikamate uso vizuri, bila mwanya. Sasa weka kitambaa chini yake, chenye kamba mbili nyuma ya masikio, juu ya kamba hizo kuna hedifoni, na pengine miwani. Kamba inanasa. Kitambaa kinakunjamana, oksijeni inavujia pembeni. Sekunde 5 zinakuwa 15, na zile 10 zilizoongezeka zimekatwa kutoka kwenye nusu dakika ya akili timamu. Wakubwa wa usalama wa anga walipopima, waliona kwamba barakoa iliyokusudiwa kuokoa watu inaweza, mahali hapo pamoja, kuwa kikwazo. Idara ya Marekani inayosimamia anga iliyataja mambo haya katika maelekezo yake, na mashirika ya ndege yakatakiwa kupima hatari yenyewe. Ndiyo maana desturi hazikuwa sawa. Yapo mashirika yaliyotaka rubani avae muda wote isipokuwa wakati wa kula na wa dharura, na yapo yaliyoruhusu avue mlango ukishafungwa.

Lipo pia jambo la sauti. Rubani huongea na mnara wa kuongozea ndege kwa redio, na maagizo muhimu anayopewa lazima ayarudie. Kipaza sauti chake kinatakiwa kiwe karibu kabisa na midomo. Mtu aliyefungwa kitambaa mdomoni anajua jinsi muuza duka anavyomwuliza "Unasemaje?" mara tatu. Dukani hiyo ni kero tu. Kwenye redio ya ndege ni jambo jingine: tarehe 27 Machi 1977 huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani wakafa watu 583, na maneno ya redioni yasiyosikika wala kueleweka vizuri yalikuwa miongoni mwa sababu. Miwani nayo hupata ukungu mtu anapopumua ndani ya barakoa isiyobana pua. Ukungu huo ukiingia wakati wa kutua, hakuna nafasi ya kusimama kando ya barabara kuifuta.

HEWA YA CHUMBA CHA MARUBANI

Wengine watauliza: je, basi waliachwa wafe? La. Katika ndege nyingi kubwa hewa huvutwa kutoka nje kupitia injini, kabla haijakutana na mafuta, ikapozwa na kuingizwa ndani. Kwa abiria, takriban nusu ni hewa hiyo mpya, na nusu ni ya ndani iliyopitishwa kwenye chujio zito linalonasa zaidi ya 99.9% ya chembe ndogo. Hewa yote ya sehemu ya abiria hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa. Chumba chenye madirisha yaliyofungwa, kama sebule zetu wakati wa baridi ya Julai, hakifikii hata sehemu ya kumi ya hapo. Chumba cha marubani hupata hewa nyingi zaidi kwa kila mtu, kwa sababu ya kupoza mitambo na ili moshi usiingie kutokea nyuma. Tena mlango wake ni imara na hufungwa kwa ndani, hasa tangu mashambulio ya Marekani ya tarehe 11 Septemba 2001. Kwa hiyo mle ndani wako watu wawili au watatu, hewa ni nyingi, na hakuna anayeingia na kutoka ovyo. Rubani alipotoka kwenda msalani, au mhudumu alipoingia na chakula, barakoa ilivaliwa.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba hatari iliisha. Hewa nyingi hupunguza ugonjwa unaoelea. Haizuii sana matone ya mtu anayezungumza nawe uso kwa uso. Mapema Aprili 2020 Shirika la Ndege la Kenya lilimpoteza Kapteni Daudi Kibati, aliyefariki kwa korona baada ya kurusha ndege iliyowarudisha Wakenya kutoka New York mwishoni mwa Machi. Kifo chake kiliwafanya watu wengi wa ukanda wetu wamwone rubani kama wanavyomwona muuguzi: mtu aliyekwenda kuwafuata wengine kwenye hatari.

Ulinzi uliowafaa marubani ulikuwa ni mkusanyiko wa mambo madogo: kupimwa, kutopangwa kazini ukiwa na dalili, kuwaweka marubani walewale wawili pamoja badala ya kuwachanganya kila siku, kupangusa usukani na swichi kabla ya zamu kubadilika, na baadaye chanjo, ambayo kwetu Tanzania ilizinduliwa Julai 2021. Kuhusu kupangusa, lipo la kuangalia. Spiriti inawaka, na palipo na oksijeni inawaka vibaya zaidi. Kifaa cha oksijeni kilichofutwa kwa spiriti lazima kikauke kabisa kabla hakijatumika. Hili liwafikie pia wanaouguza wagonjwa nyumbani kwa mtungi wa oksijeni.

Nchini Marekani amri ya barakoa kwa abiria ilitenguliwa na jaji tarehe 18 Aprili 2022, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena.

NDEGE YA KISONGO SI NDEGE YA AMSTERDAM

Yote tuliyoeleza ni ya ndege kubwa. Lakini ndege ambazo watu wetu hupanda zaidi, na ambazo mlio wake tunausikia kila asubuhi, ni zile ndogo zinazoruka kutoka Uwanja wa Arusha kule Kisongo kwenda Seronera, Zanzibar na kwingineko. Kuna Cessna Caravan yenye injini moja, inayobeba watu kumi na zaidi kidogo. Kuna na ndogo zaidi, Cessna 206, ambayo ni kama gari dogo lenye mabawa. Huduma ya Flying Medical Service yenye makao hapa Arusha, iliyoanzishwa na Padre Pat Patten wa Shirika la Roho Mtakatifu, imetumia ndege za namna hiyo kufikia kliniki za Umasaini na kuwachukua wagonjwa mahututi ambao kwa gari wangefia njiani.

Katika ndege hizi ile hoja ya mlango inaanguka yote. Hakuna mlango. Rubani mara nyingi ni mmoja, na kiti cha pembeni yake anaweza kupewa abiria. Mgonjwa aliyelazwa nyuma yuko hatua moja kutoka kisogoni mwa rubani. Hakuna chujio lile zito wala hewa ya kushindiliwa. Hewa huingia kwa matundu ya pembeni, nayo ni nzuri ndege ikiwa angani, lakini ikiwa imesimama chini juani, milango imefungwa na injini haijawashwa, haisogei. Dakika hizo za kusubiri ndizo mbaya kuliko safari yenyewe.

Hoja ya oksijeni nayo inapungua nguvu, kwa kuwa ndege hizi huruka chini zaidi, mara nyingi mita 3,000 hivi au zaidi kidogo, ambapo binadamu bado anapumua mwenyewe. Kwa hiyo kile kilichomruhusu rubani wa ndege kubwa kuvua hakimhusu rubani wa Cessna aliyebeba mgonjwa anayekohoa. Yeye avae. Ya hospitali, nyembamba, hupitisha sauti vizuri kuliko kitenge cha tabaka tatu, na ule waya wa juu ukibanwa vizuri puani miwani haitapata ukungu.

Lakini hapa kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Mgonjwa wa kifua kikuu huvaa barakoa ya kawaida ya hospitali, ili makohozi yasitoke. Anayemhudumia au kumsafirisha huvaa ile nene inayobana uso, iitwayo N95, kwa sababu vijidudu vya kifua kikuu hukaa hewani muda mrefu na barakoa ya kawaida huviachia vikipita pembeni. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, wanakotibiwa wenye kifua kikuu sugu, haikungoja korona ndipo ijue hayo. Na mgonjwa anayehema kwa shida asifungwe kitambaa mdomoni kwa nguvu. Huyo anahitaji oksijeni na hewa. Wanaomzunguka ndio wavae.

Rubani mwenye mafua hatakiwi kuruka kabisa, hata kama hakuna korona. Masikio yaliyoziba huuma kama kisu ndege inaposhuka, na dawa kama Piriton zinaleta usingizi. Wakati mwingine abiria hukasirika safari inapoahirishwa kwa sababu "rubani anaumwa kidogo". Afadhali hasira hiyo. Tungependa na madereva wetu wa vifodi wangekuwa na kanuni kama hiyo, maana nao humeza Piriton asubuhi wakaingia barabarani.

Kwa abiria wa ndege kubwa aliyevaa barakoa kwa hiari yake, labda ana pumu au umri umekwenda: vile vifaa vya oksijeni vikishuka kutoka juu, vua kwanza barakoa yako, vaa ya oksijeni, kisha umsaidie mtoto. Usiiweke juu ya kitambaa.

Na wanaompeleka ndugu yao kwenye ndege ndogo wamwambie rubani kabla hajawasha injini kama mgonjwa anakohoa, amekohoa kwa muda gani, na kama ameshaanza dawa za kifua kikuu au hajaanza. Tunajua watu huficha wakiogopa kuachwa. Rubani akijua mapema ana la kufanya: atafungua milango hewa ipite wakati wa kusubiri, atampa mgonjwa barakoa, naye atavaa ile ya kubana. Akigundua angani, wakiwa juu ya Longido, mgonjwa amekwisha kumkoholea kisogoni kwa nusu saa.